Tuelewe Onyo la Mbwa Kabla Hajauma

Mbwa ni mlinzi wa kaya nyingi za huku kwetu. Shinyanga na Kahama hufuatana na watoto machungani. Geita hulinda maduka, makarasha na kambi za wachimbaji wadogo usiku kucha. Hata hivyo, mlinzi huyu huyu anaweza kumjeruhi mtoto wa nyumbani. Wengi wetu husema, "Ameuma ghafla, bila sababu." Mara nyingi mbwa huwa ameonya, ila hatukumwelewa.

Mbwa huonyaje?

Mbwa husema kwa mwili. Dalili za mwanzo ni ndogo: hugeuza kichwa pembeni, hulamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, au huonyesha weupe wa macho. Hapo ana wasiwasi na anataka aachwe. Asipoachwa, mwili hukakamaa, hukaza macho, manyoya ya mgongoni husimama, hunguruma na kuonyesha meno. Baada ya hapo huuma.

Tuangalie pia mkia. Mbwa mwenye furaha hutikisa mkia pamoja na kiuno, mwili ukiwa umelegea. Mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotikisika upesi upesi, ni onyo. Mbwa aliyefyata mkia ana hofu, na akibanwa kwenye kona huuma. Wala tusitegemee usemi kwamba mbwa abwekaye haumi.

Tusimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Akizoea kupigwa ataacha kunguruma, lakini hataacha kuuma. Tumwondoe mtoto kwanza, kisha tutafute kilichomkera mbwa.

Tuwafundishe watoto

Watoto wasimsogelee mbwa anayekula, anayelala, anayenyonyesha, mwenye jeraha au aliyefungwa mnyororo. Mbwa wasiyemjua akiwajia, wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame wima, mikono ubavuni, wasimkazie macho, kisha warudi nyuma polepole. Mtoto akiangushwa, ajikunje na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Tabia ikibadilika ghafla

Mbwa mpole akiwa mkali bila kuchokozwa, au mbwa mkali akiwa mpole kupita kawaida, tushuku kichaa cha mbwa. Dalili nyingine ni kutokwa na udenda, kubadilika sauti, kushindwa kumeza, kuyumba, na kung'ata mawe au vijiti. Mbwa huyo asiguswe; afisa mifugo aarifiwe mara moja.

Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa akiuma tufanye nini?

1. Tuoshe jeraha papo hapo, hata likiwa mkwaruzo tu, kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15.

2. Tusipake majani, mafuta wala pilipili.

3. Twende hospitali siku hiyo hiyo. Tusingoje kuona kama mbwa atakufa.

4. Tukamilishe sindano zote tulizoandikiwa, hata kama kidonda kimekauka.

Chanjo hufanya kazi. Mwaka 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto huyo akapona.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuwapeleke mbwa wetu wakachanjwe kila mwaka. Wakichanjwa angalau 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Na mbwa wa nyumbani akinguruma leo, tusikilize.