Ziwa Lisilojua Kupwa

Sisi watu wa pwani tumezaliwa na maji mlangoni. Tunajua bamvua, tunajua maji mafu, na tunajua kwamba bahari iliyojaa haikosi kupwa. Basi nilipofika mtaa wa Kihoto, Naivasha, nikayaona maji yamesimama vyumbani mwa watu, swali langu lilikuwa la kipwani: yatakupwa lini? Mama mmoja aliyekuwa akipanga vyombo vyake juu ya mawe alinitazama, akacheka kicheko kisicho furaha. "Mzee, haya hayaendi mahali."

Na kweli hayaendi. Ziwa hili hupokea mito ya Malewa na Gilgil, lakini halina mto hata mmoja wa kuyatoa maji. Tangu mwaka 2010 hivi, mvua zimezidi na maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda. Ziwa Nakuru lilitoka kama kilomita za mraba 40 likafika 68 mwaka 2020, likameza lango kuu la mbuga. Magadi yake yakazimuka, na heroe wengi wakahamia Bogoria. Kihoto nayo ilifurika mwaka huo, ikafurika tena 2025.

Wengi niliozungumza nao walisema ni kudra. Kudra siikanushi, msomaji. Lakini mbona aliyegawa viwanja hatajwi? Katika miaka ya 1930 wenye mashamba waliruhusiwa kulima na kulisha katika ardhi iliyoachwa na ziwa, kwa sharti wasijenge majumba ya kudumu. Yaani tangu enzi ya mkoloni ilijulikana kwamba ziwa lina desturi ya kurudi kwake. Maskini wa leo aliuziwa kiwanja, hakuuziwa habari hiyo.

Kingoni yalikuwako mafunjo, ambayo huko ni kama mikoko kwetu: huvunja wimbi, hushika tope. Mengi yamefyekwa. Mombasa tumejengewa ukuta chini ya Fort Jesus, na ukuta ule wafaa kwa wimbi lipigalo. Kwa maji yanayopanda kimyakimya, yakapenya hata chini ya sakafu, sijui ukuta utasimama wapi.

Yule mama alinionyesha karatasi yake ya kiwanja, ameitia ndani ya plastiki isilowe. Nikamwuliza mawe ya mpaka yako wapi. Akanyoosha kidole ziwani, palipokuwa pakipita mashua.