Bwawa la Mullaperiyar: Jasho la Nani, Maji ya Nani?



Husemwa fulani amejenga bwawa. Sisi tunaoshika sururu tunajua kuwa mtu mmoja hajengi bwawa. Tutazame la Mullaperiyar, kusini mwa India.

Mto Periyar huteremka magharibi hadi baharini. Zamani maji yake yote yalikwenda huko, na wakulima wa mashariki, upande wa Madurai, walikuwa wakiangamia kwa ukame. Mwaka 1886 wakoloni wa Kiingereza walitiliana sahihi mkataba na mfalme wa Travancore: eka 8,000 kwa miaka 999, kodi rupia 40,000 kwa mwaka. Miaka 999! Kibarua hakuulizwa neno.

Kazi ilianza 1887, ikaisha 1895. Vibarua walijenga ukuta wa mawe, chokaa na unga wa matofali, wenye kimo cha mita 53 hivi. Wakatoboa mlima ili maji yageukie mashariki. Walilala msituni, mafuriko yakibomoa walichokijenga, na malaria ikawaua wengi. Kwamba malaria huletwa na mbu ilithibitishwa 1897, miaka miwili baada ya kazi kwisha. Mhandisi John Pennycuick amewekewa sanamu, naye anastahili. Vibarua waliachiwa makaburi porini.

Sasa bwawa limo katika jimbo la Kerala, lakini linaendeshwa na jimbo la Tamil Nadu. Wakulima wa Tamil Nadu hupata maji ya mpunga kutoka humo. Watu wa Kerala wanaoishi chini ya bwawa wanahofia ukuta huo mkongwe. Mwaka 1979 kina cha maji kilishushwa hadi futi 136. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu futi 142.

Desemba 2011 ugomvi ulipamba moto mpakani. Waliopata taabu ni akina nani? Vibarua wa Kitamil wa mashamba ya iliki huko Kerala, waliokimbia kwa miguu kuvuka milima.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye funzo. Mkulima ana haki ya maji. Aliye chini ya ukuta ana haki ya kulala bila hofu. Mkataba uliandikwa na mabwana, na wavuja jasho ndio wanaogombanishwa. Wakikaa pamoja, wakidai maji na usalama kwa sauti moja, nani atawapuuza?

Umoja ni nguvu!