Fainali ya kombe la taifa: Kazi kubwa hufanyika malangoni

MASHABIKI wanapoketi kusubiri kipenga cha kwanza cha fainali, wengi hudhani kwamba shughuli ndiyo kwanza inaanza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kufanywa. Ikiwa ilifanywa vibaya, hakuna refa wala kocha awezaye kuirekebisha katika dakika 90 za mchezo.

Kenya ililipata somo hilo kwa gharama ya maisha ya watu. Mnamo Oktoba 23, 2010, mashabiki saba walifariki kufuatia mkanyagano katika uga wa Nyayo, Nairobi, siku ya mechi ya ligi kati ya Gor Mahia na AFC Leopards. Haikuwa fainali, lakini umati uliofika ulikuwa wa kiwango cha fainali. Ndiyo maana swali la kwanza linalofaa kujibiwa na waandalizi wa mechi kubwa si nani atapangwa kikosini, bali ni watu wangapi wataingia, watapitia wapi na kwa muda gani.

Fainali ya kombe linaloandaliwa na Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) huwa na mvuto wake. Katika ligi, timu iliyoteleza Jumamosi hupata nafasi ya kujirekebisha wiki ifuatayo, ilhali katika kombe anayeshindwa huaga mashindano papo hapo. Klabu za madaraja ya chini hukutana na vigogo wa Ligi Kuu, na bingwa hupata tiketi ya kuiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho la CAF.

Thamani ya tiketi hiyo ilidhihirika mwaka 2025. Nairobi United, iliyokuwa ikishiriki ligi ya daraja la pili msimu huo, iliilaza Gor Mahia 2-1 katika fainali iliyosakatwa Ulinzi Sports Complex, Lang'ata. Miezi michache baadaye, limbukeni hao waliibandua Étoile du Sahel ya Tunisia na kutinga hatua ya makundi barani. Mechi yenye uzito kama huo haiwezi kuandaliwa kwa kubahatisha.

Hatua ya kwanza ni kuchagua uwanja. Wingi wa viti pekee hautoshi. Hukaguliwa pia hali ya nyasi, vyumba vya kubadilishia mavazi, barabara ya ambulensi, vyoo, na milango ya kutokea endapo patazuka hatari.

Baada ya hapo hupangwa saa ya kuanza. Dakika 90, mapumziko ya dakika 15, muda wa ziada wa dakika 30 na mikwaju ya penalti huweza kuchukua zaidi ya saa mbili na nusu. Fainali inayoanza saa kumi alasiri katika uwanja usio na taa yaweza kuwakuta wachezaji gizani kabla bingwa hajapatikana. Hofu hiyo si ya kinadharia. Mnamo 2021, Gor Mahia na Leopards zilitoka sare tasa katika fainali, na kombe likaamuliwa kwa penalti, Gor ikishinda 4-1.

Suala zito zaidi ni tiketi na malango. Hesabu rahisi hueleza kwa nini. Endapo mashabiki 20,000 wanatarajiwa, na uwanja una malango kumi, kila moja likipitisha watu kumi kwa dakika, basi watu 100 ndio watakaoingia kila dakika. Wote watahitaji dakika 200, yaani zaidi ya saa tatu, kuingia. Malango yakifunguliwa saa mbili pekee kabla ya mechi, watu 8,000 watakuwa wangali nje kipenga kikilia. Wakisikia shangwe za bao la mapema, watasukumana, na hapo ndipo maafa huzaliwa.

Kwa sababu hiyo, inafaa tiketi ziuzwe siku kadhaa kabla ya mechi, zisizidi idadi ya nafasi zilizopo, na zikaguliwe mbali na lango lenyewe ili asiye nayo asifike penye msongamano. Mashabiki wa timu mbili hasimu nao hutengewa majukwaa na njia tofauti.

Pengo katika mpango huo huonekana upesi. Wakati wa fainali za CHAN mwezi Agosti 2025, baada ya baadhi ya mashabiki kuvamia malango ya uwanja wa Kasarani, CAF iliamuru kwamba watakaoruhusiwa kutazama mechi za Harambee Stars humo wasizidi 27,000. Maelfu waliotii sheria walikosa nafasi kwa makosa ya wachache, na timu ikapoteza sehemu ya sauti iliyokuwa ikiisukuma mbele.

Kabla ya mechi, kamishna, refa, wawakilishi wa timu, polisi na wahudumu wa afya hukutana. Hukubaliana kuhusu rangi za jezi, saa ya kuwasili, wajibu wa kila kikosi, na nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo hali ikiharibika. Hata utepe wa kombe huandaliwa kwa rangi za timu zote mbili, kwani bingwa hajulikani.

Kenya, Uganda na Tanzania zimekabidhiwa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa Kenya, kila fainali ya kombe la nyumbani ni mtihani wa majaribio kuelekea kivumbi hicho. Atakayefaulu si mwenye uwanja unaong'aa pekee, bali ni yule ambaye mashabiki wake wote waliotoka nyumbani asubuhi watarejea salama jioni, washinde au washindwe.