Nafasi ya Nusu Milimita

Mwanzoni mwa Juni 1915 manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, zilifika kisiwani Mafia zikiwa zimevutwa kwa kamba kutoka Malta. Zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, hivyo ziliweza kuelea katika maji machache. Kazi yao ilikuwa kuingia katika delta ya Rufiji, ng'ambo ya kisiwa, na kuiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha humo. Vita hivyo vimesimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba mizinga mikubwa ya manowari hizo haikuwa ile ya asili. Ya kwanza ilikuwa imechakaa mwaka 1914 kwa kuipiga mfululizo pwani ya Ubelgiji, ikabidi ing'olewe na kuwekwa mingine.

Mtutu wa chuma cha pua huchakaaje kwa kupiga tu? Jibu limo katika nafasi iliyopo baina ya risasi na ukuta wa tundu inamopita.

Tuanze na gobori, ambalo wazee wetu walilijua vizuri. Risasi yake hushindiliwa kutoka mdomoni, kwa hiyo hapana budi iwe nyembamba kuliko tundu. Baruti ikiwaka, sehemu ya gesi huvuja pembeni, na risasi hugonga ukuta huu na huu, kisha hutoka kwa kuufuata ule mgongano wa mwisho. Ndiyo sababu mwenye gobori hana budi kumkaribia sana mnyama. Mzinga wa kisasa huondoa nafasi hiyo. Kombora lake huvikwa pete ya shaba iliyo pana kidogo kuliko tundu. Mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani ya mtutu huiuma pete hiyo, huzuia gesi, na hulizungusha kombora kama pia ili lisipinduke hewani. Lakini joto na gesi hula mifereji kidogo kidogo, hasa pale kombora linapoanza safari. Nafasi hurudi. Kombora hutoka bila kasi yake, likiyumba, na mzinga wa mamilioni umekuwa gobori.

Mbele ya mdomo wa mtutu kanuni hugeuka. Mwaka 1909 Mmarekani Hiram Percy Maxim, mwana wa yule aliyebuni bunduki ya Maxim, alipata hataza ya kiwambo cha kuzuia sauti. Hiki ni bomba lenye visahani vilivyopangwa mfululizo, kila kimoja na tundu katikati. Gesi inayotoka mtutuni ikiwa na mgandamizo mkubwa hunaswa baina ya visahani, hutanuka, hupoa, na hutoka polepole, kama ilivyo katika ekzosi ya gari. (Mlio wa risasi yenyewe, ikiwa inakwenda kasi kuliko sauti, hauzimwi, watengenezaji wa sinema hawapendi kulikumbuka jambo hili.) Humu risasi haiongozwi na kitu chochote, wala haipaswi kugusa chochote. Tundu la kisahani likiwa pana mno, gesi huifuata risasi na kiwambo hakina kazi. Likiwa jembamba mno, risasi hukwaruza kisahani, hupotoka, na huweza kukipasua kiwambo chote mbele ya uso wa mpigaji.

Tuseme nafasi ni nusu milimita kila upande, na urefu wa kiwambo ni milimita 200. Kikifungwa kwa kupinda robo ya digrii tu, pembe ambayo jicho haliioni, ncha yake itakuwa imehama 200 × tan 0.25°, yaani karibu milimita 0.87. Risasi itagonga.

Pembe hiyo hiyo ipelekwe Rufiji. Kwa mzinga unaopiga umbali wa kilomita 9, robo ya digrii upande wa kushoto au kulia ni mita 39, na upana wa Königsberg ulikuwa mita 13 tu. Tarehe 6 Julai manowari hizo mbili zilifyatua makombora zaidi ya 600, zikarudi Mafia bila kuizamisha, na mzinga wa mbele wa Mersey ukiwa umepigwa na mabaharia wake kuuawa. Mambo yaliisha tarehe 11 Julai, baada ya marubani walioruka kutoka Mafia kuonyesha kwa simu ya upepo mahali makombora yalipoangukia, na wapigaji kurekebisha pembe hatua kwa hatua. Mwenye kiwambo hana wa kumrekebishia. Lazima apime kabla.

Apime kutoka wapi? Wengi hupima ngozi ya nje ya mtutu, na hapo ndipo wanapokosea. Kekee ndefu inapotoboa chuma hupotoka, hivyo tundu laweza kukaa upande ingawa nje pamenyooka. Mhimili wa kweli ni wa tundu. Fundi wa mashua anayetoboa njia ya shafti ya injini hutandika uzi kutoka injini hadi nje ya tezi, akaupima uzi wala si ubao.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila silaha yoyote. Kata visahani sita vya karatasi ngumu, vitoboe tundu la milimita 3, vipange juu ya ubao kwa urefu wa sentimita 20, kisha pitisha spoki ya baiskeli iliyonyooka. Ongeza vipande vya karatasi, kimoja juu ya kingine, chini ya ncha moja ya ubao mpaka spoki iguse, spoki ikibaki palepale, na wanafunzi wahesabu ni kisahani cha ngapi kitakachoguswa kwanza.