Jina la Bidhaa Zetu Katika Zama za Intaneti

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmetuuliza: makampuni huuzaje vitu vyao kwa njia ya intaneti, na jambo hilo latuhusu nini sisi wenye mikarafuu? Twajibu hapa kwa ufupi.

Zamani mwenye sabuni au dawa alilipia tangazo katika gazeti, kama Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, kisha akangoja. Yeye ndiye aliyesema. Mnunuzi alisoma tu. Intaneti imegeuza mambo mawili. Kwanza, tangazo huwekwa mbele ya mtu yule anayekitafuta kitu. Akiandika "sabuni ya karafuu" katika Google, matangazo yanayohusu maneno hayo hushindanishwa, na kwa kawaida mwenye tangazo hulipa pale linapobonyezwa. Pili, mnunuzi naye husema. Akiletewa kitu kibovu huandika, na watu wasiomjua humsoma kabla ya kutoa fedha zao.

Kwa hiyo makampuni yenye busara yamebadili mwendo. Huonyesha kitu kinavyotengenezwa, hujibu malalamiko mbele ya watu, na hurahisisha malipo. Huku kwetu malipo yamekuwa mepesi tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Leo mwenye duka wa Magindu, Wilaya ya Kibaha, aweza kuiona sabuni yetu katika simu, akauliza bei kwa WhatsApp na akalipa bila ya kuvuka bahari.

Karafuu kavu njia yake yajulikana: huuzwa kwa ZSTC. Lakini sabuni, viungo vya pakiti na matembezi ya wageni mashambani, hivyo vyaweza kutangazwa na vikundi vyetu wenyewe.

Hapo pana hatari moja. Picha na jina la kikundi vyaweza kuchukuliwa kwa dakika moja vikabandikwa juu ya kitu cha mtu mwingine. Kinga yake ni kusajili alama ya biashara. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008, na usajili hufanywa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA). Lakini fahamuni kuwa usajili huo hauilindi alama Tanzania Bara. Huko msajili ni BRELA. Anayetaka kuuza Magindu au Dar es Salaam hana budi kusajili kote kuwili.

Mengine ni haya:

1. Picha iwe ya bidhaa ile ile inayouzwa.
2. Uzito na tarehe viandikwe juu ya pakiti.
3. Achaguliwe mtu mmoja wa kujibu wanunuzi kila siku.
4. Namba ya siri ya simu ya fedha asipewe mtu yeyote.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kizuri nacho hapana budi kitembezwe, maana kisipoonekana hakiulizwi. Lakini kibaya kikitembezwa, aibu yake hufika mbali, na hulipwa na sisi sote. Mnunuzi wa mbali hamjui mkulima wa Wete wala wa Mkoani. Ajualo ni jina la Zanzibar tu.

Kikundi kitakacho msaada wa kujaza fomu za usajili na kifike ofisini kwetu.

Wassalaam,
Katibu wa Chama