Ini Jeupe na Nyongo Nyeusi

Mwanafunzi asomaye tamthilia ya Macbeth, iliyotungwa na Shakespeare yapata mwaka 1606, hufika mahali ambapo mfalme anamtukana mtumishi wake kuwa ana ini jeupe kama yungiyungi. Atafsiriye neno kwa neno atadhani mtumishi huyo ni mgonjwa. Kumbe ameitwa mwoga. Lakini kwa nini ini, na kwa nini jeupe?

Jibu limo katika utabibu wa kale. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alifundisha kwamba ini ndilo litengenezalo damu kutokana na chakula, na mafundisho yake yalitawala Ulaya kwa zaidi ya miaka 1,000. Ini lililopungukiwa na damu lingekuwa jeupe, na mwenye nalo angekosa ujasiri. Tena, mwili ulidhaniwa kuwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Tabia ya mtu ilitegemea lipi limezidi. Neno la Kiingereza "melancholy", yaani huzuni nzito, lina asili ya Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni hiyo nyongo nyeusi, ambayo kwa kweli haimo mwilini.

Mwaka 1628 daktari Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu kilichotikisa mafundisho hayo. Alikadiria damu isukumwayo na moyo kwa nusu saa, akaona yazidi damu yote iliyomo mwilini. Ini lingewezaje kutengeneza damu nyingi kiasi hicho kutokana na chakula? Ilipasa iwe ni damu ile ile, izungukayo. Leo yajulikana kwamba moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kiasi cha lita 5 kila dakika, na kwamba chembechembe za damu hutengenezwa katika uboho wa mifupa.

Sayansi ikasonga mbele, lugha ikabaki palepale. Mwingereza angali anasema kwamba amejifunza shairi kwa moyo. Mswahili naye huhifadhi kwa moyo, na akichomwa na maneno makali husema amekatwa maini, ingawa kumbukumbu na uchungu huo ni mambo ya ubongo.

Hata hivyo, si nahau zote zipinganazo na maumbile. Waingereza husema mtu amepata miguu baridi, yaani ameingiwa na hofu akaghairi jambo. Hofu kweli huamsha homoni iitwayo adrenalini, nayo hubana mishipa midogo ya damu ngozini. Vidole vya mikono na miguu vikapoa, hata mchana wa jua kali.