Bao la Fawzi na Yaliyofuata

Wanangu, nikiwauliza ni Mwafrika gani aliyetangulia kufunga bao katika Kombe la Dunia, najua majina nitakayosikia: Roger Milla, Samuel Eto'o, Didier Drogba. Hao wote ni wa juzi tu. Aliyetangulia anaitwa Abdulrahman Fawzi, Mmisri, naye alifunga mwaka 1934, babu zenu wengi wakiwa hawajazaliwa.

Misri walikutana na Hungaria mjini Naples, Italia. Mashindano yale hayakuwa na makundi. Ukifungwa mechi moja, unafungasha virago. Hungaria wakatangulia kwa mabao mawili. Fawzi akarudisha la kwanza, akarudisha na la pili, yote kabla ya mapumziko. Mwishowe Misri walilala 4-2. Lakini kipa wao, Mustafa Kamel Mansour, alipokuwa mzee alisimulia kwamba matokeo yakiwa 2-2, Fawzi aliuchukua mpira katikati ya uwanja, akawachambua Wahungaria wote, akafunga la tatu. Refa akalikataa, eti ameotea. Mtu atoke na mpira mguuni mwake mwenyewe, kisha aambiwe ameotea! Mimi kesi hiyo hainiingii akilini mpaka leo.

Baada ya hapo Afrika haikuonekana tena kwenye fainali kwa miaka 36. Si kwamba hatukuwa na wachezaji. Mlango ulikuwa mwembamba. Kwa fainali za 1966, timu zilikuwa 16, na Afrika, Asia na Oceania ziliambiwa zigombanie nafasi moja. Kwame Nkrumah wa Ghana na viongozi wenzake wakakataa, nchi za Afrika zikasusia. Ulikuwa uamuzi mzuri, kwa maoni yangu, na ulizaa matunda: mwaka 1970 Afrika ilipewa nafasi yake yenyewe. Morocco wakaenda Mexico, wakatoka sare ya 1-1 na Bulgaria. Hiyo ndiyo pointi ya kwanza ya bara letu.

Mwaka 1974 ikaja zamu ya Zaire, yaani Kongo ya leo, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Walikuwa mabingwa wa Afrika, lakini Yugoslavia waliwachapa 9-0. Kwenye mechi na Brazil, Wabrazil wakapata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, beki Mwepu Ilunga akachomoka ukutani mbio na kuubutua mpira mbali kabisa. Refa akampa kadi ya njano, na dunia ikacheka, ikidhani Mwafrika huyu hajui sheria za soka. Mwepu, aliyechezea TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa watu wanaosema Kiswahili, alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri. Wachezaji walikuwa hawajalipwa fedha zao, na watu wa Rais Mobutu walikuwa wamewatisha. Alikuwa na hasira, alitaka kutolewa uwanjani. Kwa hiyo mkiiona video ile, msicheke kabla hamjakumbuka hayo.

Sasa tuje Rosario, Argentina, tarehe 2 Juni 1978. Tunisia dhidi ya Mexico. Dakika za mwisho za kipindi cha kwanza Mexico wakapata penalti, wakafunga. Wengi wakasema, basi, yale yale ya Zaire. Dakika ya 55 Ali Kaabi, beki tena, akasawazisha. Dakika zikayoyoma, jasho likawatoka. Dakika ya 79 Nejib Ghommidh akafunga la pili. Mexico wakapanda wote kutafuta bao, na Mokhtar Dhouieb, beki mwingine, akawamaliza dakika ya 87. Tatu kwa moja! Timu ya Afrika ilikuwa imeshinda mechi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, mabao mawili kati ya matatu yakitoka kwa mabeki. Siku chache baadaye Tunisia hao hao wakawabana Ujerumani Magharibi, waliokuwa mabingwa wa dunia, sare ya bila kufungana.

Fainali zilizofuata, za 1982, timu ziliongezwa hadi 24 na Afrika ikapata nafasi mbili. Algeria wakaitumia yao kuwafunga Ujerumani Magharibi 2-1. Kisha Morocco wakavuka hatua ya makundi mwaka 1986, Cameroon wakafika robo fainali mwaka 1990, na mwaka 2022 kichwa cha Youssef En-Nesyri kikaitoa Ureno na kuipeleka Morocco nusu fainali, ya kwanza kwa Afrika.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi bado hazijacheza fainali hizo hata mara moja. Bao la kwanza la kila moja ya nchi hizo halijafungwa bado, na mfungaji wake huenda sasa hivi yuko darasa la tano. Kama ni wewe, nenda mazoezini. Na kama wewe ni beki, usidhani hayakuhusu.